Dalali Unapoandamwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Madalali wa Nyumba na Viwanja Mwanza

Nina miaka 11 kwenye udalali hapa Mwanza, kuanzia vyumba vya Mabatini mpaka nyumba nzima za Kiseke na viwanja vya Igombe. Maswali haya nimeulizwa kijiweni, nimeulizwa kwenye simu usiku, na mara moja nimeulizwa msibani, na dada aliyenivuta nyuma ya turubai kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kulisemea. Wengi wanaouliza ni wanawake, lakini si wote. Nimejibu hapa kama ninavyowajibu wao.

Kuandamwa ni nini hasa? Mbona kila mteja wa nyumba ni msumbufu?

Kweli, mteja wa nyumba anasumbua. Anapiga simu mara sita kwa siku, anataka kuona vyumba tisa kwa hela ya kupelekwa mara moja, kisha anapotea. Huyo anatafuta nyumba. Ukimwambia imeshachukuliwa, atauliza nyingine iko wapi au atahamia kwa dalali mwingine.

Anayekuandama anakutafuta wewe. Utamjua kwa maswali yake: unakaa wapi, unarudi na nani, yule aliyekushusha na pikipiki jana ni nani yako. Kila nyumba unayomwonyesha ina kasoro, lakini kesho anataka kuona nyingine, na ni wewe tu umpeleke. Ukimtuma mwenzako, anaahirisha. Halafu anaanza kutokea mahali ambapo hukumwambia utakuwepo. Tendo moja moja lina maelezo yake, na ndiyo maana unajilaumu kwamba labda unamwonea. Angalia kama yanajirudia, na kama yanaendelea baada ya wewe kusema hutaki. Yakiwa hivyo, umeshaandamwa, hata kama hajawahi kukugusa.

Kwa nini sisi madalali?

Kwa sababu riziki yetu ni kupatikana. Namba yako iko kwenye kibao mlangoni, kwenye nguzo ya umeme, kwenye makundi ya WhatsApp yenye watu mia mbili usiowajua. Mtu yeyote akipiga na kusema "natafuta chumba na sebule Nyasaka," unaacha chakula na kwenda kumfungulia nyumba tupu. Hakuna kazi nyingi za namna hiyo.

Na si jambo la hapa peke yake. Tarehe 28 Julai 1986, London, dalali wa miaka 25 aitwaye Suzy Lamplugh alitoka ofisini kwenda kumwonyesha mteja nyumba eneo la Fulham. Kwenye daftari lake la miadi alikuwa ameandika jina la mteja huyo, "Mr Kipper." Hajaonekana mpaka leo. Wazazi wake walianzisha taasisi yenye jina lake, na taasisi hiyo ndiyo inayoendesha simu ya msaada kwa watu wanaoandamwa Uingereza. Septemba 2014, jimbo la Arkansas huko Marekani, Beverly Carter alitekwa na kuuawa na mtu aliyejifanya mteja. Muuaji alipoulizwa na waandishi wa habari kwa nini alimchagua yeye, alijibu kwamba alikuwa mwanamke anayefanya kazi peke yake.

Peke yake. Neno hilo ndilo lililonifanya nibadilishe namna yangu yote ya kufanya kazi, na majibu mengi hapa chini yanatokana nalo.

Nitamjuaje mteja kabla sijampeleka?

Anza na hela ya kupelekwa. Usiipokee mkononi, alipe kwa simu, maana hapo jina lililosajiliwa kwenye laini yake linajitokeza. Hata kabla hajalipa, anza kumtumia pesa kidogo kwa namba hiyo: jina litatokea kabla hujathibitisha, kisha unaghairi. Akiwa amejitambulisha kama Baba Fulani na jina likatoka la mwanamke, muulize tu kwa upole. Laini inaweza kuwa ya mke wake. Jinsi atakavyojibu itakuambia mengi kuliko jina lenyewe.

Halafu muulize maswali ya kazi: mnahamia lini, mko wangapi, unafanya shughuli gani, unalipa miezi mingapi. Mpangaji wa kweli anayo majibu hayo mdomoni kwa sababu ndiyo yanayomnyima usingizi. Yule mwingine atasema "yoyote tu, tutaongea tukifika."

Kukutana, mkutane penye watu: kijiweni kwenu, stendi ya Nyegezi, nje ya duka linalojulikana. Asikufuate nyumbani kwako hata siku moja, hata kama nyumba anayoenda kuiona iko mlango wa pili. Mpige picha kitambulisho chake, na mwambie wazi kwamba ni utaratibu wa ofisi. Ofisi ni wewe na daftari lako, lakini utaratibu ni utaratibu.

Tukiwa ndani ya nyumba nifanyeje?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojisahau.

Kufuli. Ukifungua nyumba tupu, kufuli usiliache likining'inia kwenye komeo. Litie mfukoni au ulishike mkononi, na funguo zisiachwe mlangoni. Nyumba zetu nyingi zina komeo la nje, na mtu akitangulia kutoka anaweza kukufungia ndani kwa kufuli lako mwenyewe. Kwangu halijatokea. Kwa mwenzangu limetokea, Buhongwa, na alikaa mle dakika arobaini akisikia mtu anapumua nje ya dirisha bila kusema neno.

Mteja atangulie kila chumba. Wewe baki mlangoni na ueleze ukiwa hapo: "Hiyo ni masta, choo kiko kushoto, maji ni ya bomba." Huna haja ya kuingia chooni kumwonyesha sinki. Madirisha na mlango wa mbele viache wazi, useme unapitisha hewa. Simu iwe mkononi, na chaji isiwe asilimia nne.

Nyumba za kwenye miamba, Igogo, Mabatini au Isamilo juu, zina taabu yao. Njia ni ngazi na vichochoro, pikipiki haifiki mlangoni, na ukiwa nyuma ya jiwe kubwa aliye chini hakuoni. Kule mteja atangulie kupanda na wewe ufuate, uwe unamwelekeza kwa mdomo. Nyumba ya kwanza yenye watu mnayoipita, salimia kwa sauti na usimame. "Mwangaluka mama, tunaenda kuangalia pale juu." Mama huyo sasa ameshawaona nyote wawili, na mteja anajua kwamba ameonekana.

Na viwanja vya mbali?

Igombe, Luchelele, Kishiri, Kayenze: nenda asubuhi. Jua letu huzama karibu saa moja jioni, na ukiwa kiwanjani saa kumi na mbili bado mnatafuta bikoni, yale mawe ya mpaka, kwenye majani, umechelewa tayari. Nenda na bodaboda wako mwenyewe unayemjua, akusubiri palepale. Usipande gari la mteja, hata kama ni jipya na lina kiyoyozi na wewe umechoka. Mpitie mwenyekiti wa mtaa kwanza, maana kwa kiwanja ungempitia hata hivyo ili kujua kama kina mgogoro. Na kama kuna chochote kinachokukera moyoni, mchukue dalali mwenzako mgawane udalali. Nusu ya hela ni hela.

Nani ajue niko wapi, na nitaombaje msaada mbele ya mteja?

Mtu mmoja anayepokea simu. Sisi tuko wanne, na kila anayetoka anaandika kwenye kundi letu: nyumba ipi, namba ya mteja, saa ngapi atarudi, na anawasha kuonyesha mahali alipo kwenye WhatsApp mpaka atakapomaliza. Dakika 15 zikipita baada ya saa aliyotaja, anapigiwa.

Neno letu la hatari ni swali kuhusu funguo za nyumba ambayo hatuna. Nikimpigia mwenzangu nikamwambia, "Zile funguo za Bwiru ziko kwa nani?" anajua hakuna funguo za Bwiru. Anajibu kwa sauti ya juu, "Ninazo mimi, nakuletea hapo hapo, niko na vijana wawili," na kweli anakuja, huku mwingine akipiga 112. Chagueni lenu, lifanane na maneno ya kila siku, na mlijaribu mara moja moja ili siku yenyewe asije mtu akauliza "Bwiru ipi tena?"

Nimeshaanza kuandamwa. Nifanye nini kwanza?

Mwambie mara moja, kwa maandishi, bila matusi na bila kujieleza: "Sitafanya kazi na wewe tena. Usinipigie, usinitumie ujumbe, usije ninapofanyia kazi." Basi. Usiongeze "samahani," usiongeze "nina mume." Ukitoa sababu, atabishana na sababu.

Kisha usijibu tena. Hili ni gumu, najua, hasa anapobadilika kutoka maneno matamu kwenda matusi na kurudi kwenye maneno matamu usiku huohuo. Lakini ukinyamaza simu 39 ukapokea ya 40 ili umtukane, umemfundisha kwamba bei ya kuisikia sauti yako ni simu 40. Nyamazisha mlio wa namba yake. Usikimbilie kufuta kitu, maana utavihitaji.

Halafu nunua daftari. Andika tarehe, saa, mahali, alichofanya au alichosema, na nani aliona. "Jumanne, saa 9:20 alasiri, alisimama ng'ambo ya barabara Pasiansi, karibu na duka la dawa, mama lishe alimwona." Usiandike ulivyojisikia, andika kilichotokea. Piga picha za skrini kila ujumbe, ukihakikisha tarehe na namba vinaonekana. Ukiwa umemhifadhi kwa jina, picha inaonyesha jina na kuficha namba, na jina unaweza kuandika lolote. Jumbe za sauti zihifadhi. Anatuma na kufuta? Piga picha upesi, na nakala zote mtumie mtu unayemwamini, simu yako isije ikaibiwa nazo.

Je, wewe yamewahi kukukuta?

Ndiyo. Alikuja kutafuta chumba na sebule Nyasaka. Mpole, amechomekea, ananiita "dada" kila neno la pili. Nilimwonyesha nyumba nne. Wiki iliyofuata akaanza kupita kijiweni na soda, ananunulia hadi vijana. Mama lishe akaniambia, "Yule mteja wako anauliza sana unafika saa ngapi." Nikacheka.

Siku moja nilikuwa peke yangu Pasiansi nasubiri mwenye nyumba alete funguo, ujumbe ukaingia: "Leo gauni la kijani limekukaa vizuri." Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto, watu wanapita na shughuli zao. Sikumwona. Mpaka leo sijui alikuwa amesimama wapi.

Nilificha miezi mitatu. Nilidhani mume wangu ataniambia niache kazi, na nilidhani wenzangu watasema nilimchekea mwenyewe. Siku aliponiandikia saa ambayo mtoto wangu hutoka shule, mikono ilitetemeka mpaka mwenzangu akanipokonya simu na kuisoma. Yeye ndiye aliyenipeleka polisi.

Kituo cha kwanza sitakitaja. Nilisalimia, "Shikamoo afande," nikaeleza. Askari wa zamu akaniuliza, "Huyo si mchumba wako tu mmekosana? Mkayamalize nyumbani." Nilitoka nikilia mbele ya watu waliokuja kudhamini ndugu zao. Kilichonirudisha ni hasira ya mwenzangu, si ujasiri wangu. Siku ya pili tulikwenda kwingine, tukaomba Dawati la Jinsia na Watoto moja kwa moja, nikiwa na daftari na picha za skrini nimezichapisha kwenye karatasi. Askari wa kike alisoma kurasa zote bila kunikatiza, kisha akaniuliza, "Mama, umekula leo?" Jamaa aliitwa, akasomewa ujumbe wake mmoja mmoja pamoja na tarehe. Baada ya hapo alinipigia mara moja tu. Sikupokea, nikaandika kwenye daftari.

Si kila kesi inaisha hivyo, na sitamdanganya mtu. Nawaambia tu kwamba maneno yangu yalikuwa yaleyale katika vituo vyote viwili. Kilichobadilika ni daftari, na mtu aliyekaa kando yangu.

Sheria inanilinda kwa lipi?

Ukifika kituoni, eleza matendo. Usitegemee neno "ananiandama" likubebe. Matendo ndiyo yenye sheria. Kutishia kumdhuru mtu, kuingia kwenye eneo la mtu kwa jinai, kushambulia na unyanyasaji wa kijinsia vyote ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kwa simu na mitandao ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumnyanyasa au kumsababishia maumivu ya moyo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ndiyo maana nasisitiza picha za skrini.

Hakikisha unatoka kituoni na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Bila hiyo, kesho utaanza upya kwa askari mwingine. Kama umeumizwa utahitaji PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, lakini kama unavuja damu wewe nenda hospitali na mtu mwingine afuatilie fomu. Mpe taarifa pia mwenyekiti wa mtaa unakoishi na wa mtaa wa kijiwe chako. Ukikwama, hapa Mwanza lipo shirika la Kivulini, ambalo limekuwa likisimamia haki za wanawake tangu 1999.

Nimebadilisha laini na bado amenipata. Anapataje?

Mara nyingi kwa watu, tena wema. Anampigia dalali mwenzako: "Namba ya yule dada imepotea, nataka kumlipa hela yake." Nani atakataa? Waambie wenzako wote kwamba namba yako haitolewi. Wao wachukue namba ya anayeomba wakupe wewe.

Kisha angalia simu yenyewe. Fungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe usichokijua. Ile simu uliyoazima ukaingiza barua pepe yako na hukutoka, nayo inaweza kuonyesha ulipo. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, usiyoitambua ukairipoti. Na stetasi: tukiwa saiti tunapenda kuweka "nipo Buswelu hapa, nyumba kali, wahi." Weka ukisharudi. Picha ya nyumba isionyeshe namba ya nyumba wala kibao cha mtaa, na usiandike kwamba haina mtu. Laini ya kazi iwe moja, ya familia iwe nyingine, na picha ya watoto isikae kwenye ile ya kazi.

Anayeniandama ni mwenye nyumba, na bado ananidai niwalete wateja.

Rudisha funguo mbele ya mjumbe au shahidi, hela yako ya udalali ilipwe kwa simu, na wateja wake wapeleke mwenzako wa kiume kama yupo. Utapoteza nyumba hiyo. Nimepoteza mbili kwa njia hiyo na sijazijutia.

Mimi ni mwanaume. Wakisikia naandamwa na mteja wa kike watanicheka.

Watacheka, halafu watakuja kukuuliza pembeni, maana yamewakuta wao pia. Daftari ni lilelile, polisi ni walewale, na Dawati linawapokea wanaume. Wewe una hatari moja ya ziada: anaweza kugeuza maneno akasema wewe ndiye uliyemsumbua. Usiwe naye peke yako kwenye nyumba tupu hata dakika tano.

Kwa nini vijana wa kijiweni wasimshughulikie tu?

Nakuelewa. Usukumani tumekulia kwenye hadithi za sungusungu, walinzi wa jadi wa kijijini, na hasira ikipanda mtu anaona polisi ni mzunguko mrefu. Lakini akipigwa, wewe na vijana wako ndio mtakuwa washitakiwa, na daftari lako lote litageuka ushahidi wa kwamba ulikuwa na sababu ya kumdhuru. Akifa je? Ya kundi hayana breki. Wape vijana kazi nyingine: waonyeshe sura yake, wakimwona wakupigie kabla hujafika, na jioni mmoja akusindikize mpaka kwenye daladala.

Nimeacha kazi wiki tatu kwa woga. Narudije?

Usianze na nyumba tupu. Anza na nyumba yenye wapangaji wengine, mchana, pamoja na mwenzako, kwa mteja aliyeletwa na mtu unayemjua. Moyo ukienda mbio pale mlangoni, mwambie mteja aangalie mwenyewe, wewe baki nje. Mimi nilianzia Kirumba, ghorofa yenye wapangaji sita, saa nne asubuhi, na mwenzangu alikaa kwenye ngazi akila mihogo ya kukaanga mpaka nilipofunga kufuli na kushuka.